Mlima wa Bi Kizee

Katika kisiwa cha Honshu, nchi ya Japani, upo mlima uitwao Kamuriki. Kimo chake ni meta 1,252 tu, na wasafiri waendao kutazama milima mikubwa ya jimbo la Nagano huupita bila kuuliza habari zake. Walakini una jina la pili, Obasute, maana yake kumtupa bi kizee.

Kisa chake kimo katika kitabu kilichoandikwa yapata miaka elfu iliyopita. Palikuwa na mtu aliyefiwa na wazazi wake, akalelewa na shangazi yake kama mwana wa kumzaa. Shangazi akazeeka, mgongo ukapinda. Mke wa yule mtu akamchukia, akamhimiza mumewe akamtupe mlimani. Hata mwisho mume akakubali. Usiku mmoja wa mbalamwezi akasema, "Shangazi, njoo nikupeleke hekaluni ukaone ibada nzuri." Bi kizee akafurahi, akapanda mgongoni mwake. Walipofika juu sana, mahali asipoweza kushuka peke yake, akamweka chini, akakimbia. Bi kizee akamwita, wala hakujibu. Alipokuwa amelala nyumbani, mwezi ukatokea juu ya mlima ule ule, uking'aa mno. Hakupata usingizi hata kidogo. Basi akarudi, akamchukua shangazi yake, akamrejesha nyumbani.

Hiyo ni hadithi. Hapana ushahidi kwamba watu wa huko walikuwa na desturi hiyo. Lakini mwezi wa Obasute ukapata sifa, na mwaka 1688 mshairi Basho alisafiri kwenda kuutazama.

Chini ya mlima, katika mteremko uelekeao mto Chikuma, kuna majaruba ya mpunga yapatayo 1,500, yamepangwa kama ngazi. Husemwa kwamba yakijaa maji, kila jaruba lina mwezi wake. Kwa kweli mtazamaji huuona katika jaruba moja tu. Akienda hatua chache, nao huhamia la pili.

Majaruba hayo ni madogo, mashine kubwa haziingii. Tena vijana wengi wamekwenda mijini. Siku hizi hapana abebwaye mlimani. Waondokao ni vijana, na wazee hubaki. Kwa hiyo tangu mwaka 1996 watu wa mijini hulipa ada ya jaruba, wakaja kupanda na kuvuna. Siku zilizo katikati, wenye kulinda maji na kufyeka majani ni wenyeji, na wengi wao wana mvi.