Shangazi wa Kilima cha Nsambya

Mji wa Kampala umekaa juu ya vilima, na mgeni atakayevitembelea ataona kwamba kila dini ilijichagulia chake. Waanglikana walishika Namirembe, na jirani yake, huko Mengo, Dakta Albert Cook akafungua hospitali mwaka 1897. Mapadre Weupe walikaa Rubaga. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill, waliotoka Uingereza, walipata Nsambya, upande wa kusini-mashariki, na hicho ndicho kilima chenye habari ya wanawake.

Mwezi Januari mwaka 1903 waliwasili hapo watawa sita wa Shirika la Mtakatifu Fransisko. Miongoni mwao alikuwamo Teresa Kearney, mzaliwa wa Arklow nchini Ireland, ambaye katika utawa aliitwa Kevin. Hawakukuta jengo la hospitali. Walianza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe, wakati ambapo malale yalikuwa yakiteketeza watu wa mwambao na visiwa vya Ziwa Viktoria. Waganda hawakukawia kumpa mtawa huyo jina lao wenyewe: Mama Kevina.

Lakini palikuwa na kikwazo kizito, nacho hakikutokana na uhaba wa dawa. Sheria ya Kanisa wakati ule iliwakataza watawa wa kike kufanya kazi ya ukunga. Mtawa aliruhusiwa kufunga donda na kumnywesha mgonjwa kwinini, ila mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa hakuruhusiwa kumzalisha. Ni vigumu leo kufahamu jinsi katazo hilo lilivyowalemea watu waliosikia vilio vya wazazi nje ya ukuta wao, na wengine wakifa pamoja na watoto tumboni.

Hapo ndipo anapoingia Dakta Evelyn Connolly. Yeye alikuwa daktari kutoka ng'ambo, mmisionari asiye mtawa, kwa hiyo katazo halikumhusu. Mwaka 1921 yeye na Mama Kevin walianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga, ili wasichana wa Uganda wafundishwe kazi ambayo masista wenyewe walikuwa wamefungiwa. Ruhusa ya Roma haikutoka mpaka mwaka 1936, yaani miaka 15 baadaye.

Katika Buganda, shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga, ndiye mwenye haki ya kuzungumza na binti mambo ya ndoa na uzazi. Mama mzazi huona haya, shangazi haoni. Kama Kevin alistahili kuitwa mama, basi daktari huyu yafaa akumbukwe kwa cheo cha shangazi, maana alishika kazi ambayo mama wa nyumba alikatazwa kuigusa. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wanaopita malangoni mwa hospitali hiyo hulijua jina la kwanza na hawajapata kulisikia la pili.

Kazi yao ilivuka mipaka ya Kampala. Mwaka 1923 Mama Kevin aliunda shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lenye makao Nkokonjeru, mashariki ya mji. Baadaye alifungua nyumba ya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga.

Alifariki dunia tarehe 17 Oktoba 1957 nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili ulipelekwa kwao Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali alale huko. Waliomba arudishwe, na mwezi Desemba mwaka huo huo akazikwa Nkokonjeru. Nsambya ya leo ina chuo cha kuwafunza madaktari bingwa chenye jina lake. Na neno kevina limeingia katika vinywa vya watu kwa maana ya hospitali au nyumba ya hisani, hata mtu aweza kusema anakwenda kevina asijue kwamba anamtaja binti wa Arklow.