Mgeni Aliyekataa Kula: Siku Mbili kati ya Simbi Nyaima na Thimlich Ohinga

Kwa muda wa miaka kumi na minane nimefundisha visasili vya jamii za kandokando ya Ziwa Viktoria pasipo kuliona hata mara moja ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo karibu na mji wa Kendu Bay katika eneo la Homa Bay. Ubaoni kisa chake kilikuwa na safu tatu: ombi, kunyimwa, adhabu. Ajuza aliyechoka anabisha hodi usiku wa karamu ya pombe, wanywaji wanamfukuza, mwanamke mmoja tu anampokea na kumlisha. Mvua inanyesha, kijiji kinazama, naye mwanamke yule anasalimika. Jina lenyewe lina maana ya Simbi iliyozama. Wanafunzi walikilinganisha na kisa cha Sodoma, na kile cha Baucis na Philemon katika kitabu cha nane cha Metamorphoses cha Ovid, wazee maskini ambao kibanda chao kiligeuka hekalu baada ya majirani wachoyo kumezwa na maji. Ulinganishi ni kazi halali ya mhakiki, wala siukani.

Jumamosi moja nilikwenda huko pamoja na wanafunzi wawili wa uzamili. Ziwa limekaa ndani ya kasoko ya volkano, maji yake ni ya kijani na ya magadi, na siku ile heroe walikuwa wengi ukingoni. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Tulielekezwa kwa bibi mmoja jirani aliyesifiwa kwa usimulizi. Nilimwita dani, naye akaniita japuonj, yaani mwalimu. Sufuria ilikuwa tayari motoni. Alisema tule kwanza, mazungumzo yangefuata.

"Dani, utuwie radhi, tumekwisha kula," nikasema. Haikuwa kweli. Nilitaka kufika mjini Homa Bay kabla ya giza, na (niungame) nilihofu kwamba kelele za vyombo zingeharibu rekodi yangu.

Alisimulia. Alikaa kwa kirefu mno kwenye harufu ya samaki waliokuwa wakipikwa usiku ule wa karamu, mpaka mate yakanijaa kinywani. Akafika mahali ajuza anapobisha hodi, hajala tangu asubuhi. Hapo akanyamaza, akainuka, akakung'uta leso yake. "Yaliyobaki mnayajua wenyewe," akasema. "Tena mna haraka."

Rekodi hiyo ninayo, na ukiisikiliza utadhani ni ngano iliyokatika. Sivyo. Aghalabu twasema kuwa hadhira ni sehemu ya utendaji, kisha twaiandika katika tasnifu kama idadi, jinsia na umri. Dani alikuwa ameihakiki hadhira yake. Safu yangu ya pili, ya kunyimwa, ilimtazama mwenyeji peke yake. Haikuwa na nafasi ya mgeni anayemnyima mwenyeji heshima ya kumlisha.

Jioni ile Homa Bay tuliletewa ngege wa kuchemsha, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na mgagani uliopikwa kwa maziwa hadi uchungu wake ukapoa. Nilikula kwa pupa. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, si tulikuwa tumekwisha kula?" Sikuwa na jibu.

Jumapili tulipitia Ndhiwa hadi Thimlich Ohinga, Migori, maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta hizo, zenye urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, hazina saruji wala udongo wa kuzishikanisha. Jiwe limeshikwa na jiwe jingine. Watu wameandika mengi juu ya ujenzi huo, nami sina la kuongeza. Kilichonishughulisha ni milango. Ni myembamba na mifupi kiasi kwamba mtu mzima hawezi kupita bila kuinama. Bila shaka sababu yake ni ya ulinzi: adui aingiaye ameinama hana pa kuinulia mkuki. Hata hivyo, rafiki naye alipita mlango huo huo, kwa mwinamo ule ule. Nilipita mara mbili, mara ya pili bila ulazima wowote.

Njia ya kurudi ilitupitisha tena Kendu Bay. Jua lilikuwa limekwisha kushuka tulipobisha hodi kwa dani. Hakushangaa. Hakuuliza tulikotoka. Alileta maji ya kunawa, kisha omena na ugali, akaketi akitutazama tukila hadi sahani zikawa tupu. Hakuimalizia hadithi, nami sikumwomba. Kinasa sauti kilikuwa kimebaki garini.