Siku tisa kwenye boti la matanga

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: "Sasa mlikuwa mnafanya nini kutwa nzima huko majini?" Watu wameona picha za watalii: miguu juu, dafu mkononi, jua linazama. Wanadhani nilikwenda kula bata. Haya wadau, leo nawajibu wote kwa mpigo.

Kwanza maelezo mafupi. Wenye boti ni mume na mke, wastaafu kutoka Ulaya, na hilo boti la mita 12 ndiyo nyumba yao. Walitaka mtu wa kuongea na wavuvi na watu wa bandarini. Mimi nilitaka kitu cha kuandika. Tukatoka Tanga mwezi Novemba, kipindi ambacho wazee wa pwani wanakiita tanga mbili, kusi ikiwa imeshakufa na kaskazi bado changa. Tukapita Nungwi, Zanzibar mjini, Dar na Mafia, tukaishia Kilwa.

Jibu la swali lenu ni hili: tulikuwa tunahesabu.

Tunahesabu maji. Tangi lina lita 300, na mgao wangu ulikuwa lita sita kwa siku: za kunywa, kupikia, kupiga mswaki na kujisuuza chumvi. Kuoga ni kuruka baharini. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, halafu vinapitishiwa kikombe kimoja tu cha maji baridi. Nilidhani nitateseka, kumbe kwa mtu aliyekulia kwenye madumu na mgao wa maji Dar hilo ni darasa la kwanza. Mama mwenye boti alishangaa nilivyoweza kuoga kwa kopo moja. Nikamwambia huo kwetu ni ujuzi wa taifa.

Tunahesabu umeme. Unatoka kwenye paneli za jua, unaingia kwenye betri, na jokofu dogo linaumeza kuliko taa zote. Wingu likikaa nusu siku, jioni jokofu linazimwa na kila mtu anasahau habari ya maji ya kunywa ya baridi.

Tunahesabu chakula. Kabichi, vitunguu na ndimu vinadumu. Mayai yanageuzwa kila siku yasiharibike haraka. Mkungu wa ndizi unaning'inia nyuma ya boti, ukiwa mbichi siku nne, halafu siku ya tano ndizi zote zinaiva pamoja kama zimeitana kikao. Jiko limening'inizwa ili liyumbe na boti, kwa hiyo wali hauondoki, mpishi ndiye anayekwenda huku na huku. Samaki tulinunua kwenye ngalawa: changu, kolekole, siku moja nguru.

Asubuhi kazi ya kwanza kabla ya chai ni kuinua ubao wa sakafuni na kutazama ngama, kuona kama maji yameingia. Nilisoma tangu shule kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikaijibu kwenye mtihani na kupata alama zangu. Ila siku hiyo, nikiwa nimepiga magoti na tochi, ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza. Kiswahili chetu kimejaa bahari, nasi wa mjini tunakitumia kama nguo ya mtumba: hatujui nani aliivaa kwanza.

Halafu kuna kutia nanga. Kwetu bahari inapanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika zaidi ya mita tatu. Ukitia nanga bila kupiga hesabu hiyo, usiku unaamshwa na mwamba. Kwenye kina cha mita nane tuliachia mnyororo mita 40. Na kuingia kwenye matumbawe ni saa sita mchana, jua likiwa juu: bluu iliyokolea ni kina, kijani ni maji machache, kahawia ni jiwe. Mimi nilisimama omo, nikinyoosha mkono kulia au kushoto.

Mwendo? Kilomita tisa kwa saa, upepo ukiwa mzuri. Baiskeli inakupita. Na mkondo wa bahari yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, nasi tulikuwa tunashuka kusini.

Usiku tulikuwa na zamu za saa tatu tatu. Hapo ndipo nilipokula mshahara wangu. Gizani kuna nyavu, kuna ngalawa zenye tochi moja, na kuna wavuvi wa dagaa na taa zao. Usiku mmoja kusini mwa Dar sauti ikapigwa: "Oyaa, nyavu! Piteni nje!" Tukapinda. Tulipowakaribia mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hao wanavua nini?"

"Shikamoo mzee. Hawavui."

"Marahaba. Wamebeba nini basi?"

"Hawajabeba kitu. Wanatembea tu."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wana raha." Hakusema kwa kijicho.

Neno hilo lilinikaa. Wenyewe wanauita uhuru, na sikatai. Wamelipia pia kwa hofu. Oktoba 2009 Waingereza wawili, Paul na Rachel Chandler, walitekwa na maharamia wa Kisomali wakitoka Ushelisheli kuja Tanzania, wakaachiwa Novemba 2010. Wenyeji wangu walikuwa wakiiogopa bahari hii kwa miaka mingi baada ya hapo.

Lakini tulipofika Kilwa wakanialika. Wao walikuwa wanaendelea Mayotte, siku nne hivi majini. "Twende," mzee akasema, "umekuwa baharia." Nilitaka sana. Tukatoa pasipoti mezani. Za kwao hazikuhitaji kitu chochote, maana Mayotte ni Ufaransa, tena tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Ya kwangu ilitaka viza, na viza haiombwi ukiwa umetia nanga Kilwa.

Mimi nilikosa safari tu. Kuna waliokosa zaidi. Kisiwa cha Anjouan kipo kilomita 70 hivi kutoka Mayotte, karibu sawa na Dar na Zanzibar. Ni ndugu wa damu, lugha zao ni binamu za Kiswahili. Tangu Januari 1995 Mkomoro anatakiwa kuwa na viza kuvuka kwenda kwa shangazi yake. Kwa hiyo wanavuka usiku kwa viboti vidogo vinavyoitwa kwassa-kwassa, vimejaa watu kupita kiasi, na wengi wamefia humo. Nao wanahesabu: watu wangapi, petroli kiasi gani, saa ngapi kabla ya alfajiri.

Upepo ni uleule. Boti moja likifika, linakaribishwa kwenye klabu. Jingine likifika, linakamatwa. Nilijaribu kumwambia yule mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akaosha vikombe vyake kwa maji ya bahari, akasema hajawahi kuitazama safari yake kwa upande huo. Nadhani alisema kweli. Ukipita mlango usiofungwa, hujui kama una kitasa.

Walipong'oa nanga alfajiri nilikuwa Nangurukuru, na begi lenye harufu ya chumvi, nasubiri basi la Dar. Upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kutoka kaskazini mashariki. Kaskazi ilikuwa imeingia, na kwa safari yao haungepatikana upepo mzuri kuliko huo.