Kifyonza Vumbi cha Kuresoi



Nilikwenda kumzuru binti yangu huko Kuresoi, nchi ya baridi, chai na viazi. Nikamkuta, naye ni mjamzito, anasafisha gari kwa kifyonza vumbi cha mkononi, kisicho na waya. Nikamuuliza: “Mwanangu, ufagio umekushinda?” Akajibu kwa adabu: “Baba, mgongo waniuma nikiinama.”

Niliona haya. Miaka yote nadarisha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, ilhali mimi kwangu ufagio sikuushika. Nikakipokea kile chombo. Akanielekeza: tope la shambani likauke kwanza, maana hakifai kufyonza majimaji, kisha chujio likung'utwe.

Chaji iliisha kabla sijafika viti vya nyuma. Nikamalizia kwa ufagio.