Majaji wa Habari za Saa Saba

Nilipoanza ukarani katika mahakama moja ya Pwani ya Kenya, jaji mpya tulimjua kwa njia moja tu: habari za saa saba redioni. Jina likisomwa, yamekwisha. Alipendekezwa na nani, alishindana na nani, hakuna aliyejua wala kuuliza. Tume ya Huduma za Mahakama ilikuwepo, ila wajumbe wake wote walikuwa wateule wa Rais.

Mwaka 1988 Katiba ikageuzwa, Rais akaweza kumfuta jaji bila jopo la uchunguzi. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, lakini woga ulikuwa umeshaingia. Kesi ya kuigusa serikali ikifunguliwa, faili lilihama meza hadi meza, kila mtu akiogopa kulikalia.

Mwaka 2003 majaji 23 walitakiwa wajiuzulu au wakabili jopo kwa tuhuma za ufisadi. Wala rushwa walikuwepo, sikatai. Lakini waliochukua nafasi zao nao hatukuona wakisailiwa. Ndiyo maana baada ya uchaguzi wa 2007 upinzani ulipokataa kwenda mahakamani, sikushangaa. Niliumia.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Mwaka uliofuata nafasi ya Jaji Mkuu ilitangazwa, wenye sifa wakaomba, na usaili ukaonyeshwa kwenye runinga. Hotelini chai zilipoa watu wakimtazama Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Rais Moi, akiulizwa hadi habari ya kipuli sikioni mwake. Akapata kazi. Kwangu mimi, aliyeyabeba yale mafaili, hakuna mageuzi makubwa kuliko hayo: mwananchi kumsikia jaji akijieleza kabla hajapewa joho. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilipofuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, nilielewa kwa nini iliwezekana.

Ila kalamu ilibaki Ikulu. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta akakaa na majina hayo karibu miaka miwili, ijapokuwa mahakama ilishasema hana hiari ya kuchagua. Juni 2021 akateua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki. Sita waliachwa, wakiwemo Joel Ngugi na George Odunga, waliokuwa katika jopo lililozima mpango wake wa kubadili Katiba. Wakaapishwa Septemba 2022, Rais mpya akiwa na siku moja tu ofisini. Muda wote huo wenye kesi walikuwa wakipangiwa tarehe nyingine.