Swali Hutangulia Amri

Amri njema hutanguliwa na swali. Katika shule moja ya Likoni nilikofundisha, ramani ya Kenya ilijaza skrini ya kompyuta, lakini ukutani Malindi na Lamu hazikuonekana. Watoto wa pwani wakanyimwa pwani yao. Sababu ilikuwa hesabu: skrini ilikuwa na nukta 1366 kwa upana, projekta 1024, robo ya picha ikakosa mahali.

Kompyuta ile ilitumia Linux. Niliandika neno xrandr peke yake, nalo, kama karani mwaminifu, likaorodhesha kila skrini na vipimo inavyoviweza. Nyota ilionyesha kipimo kinachotumika. Alama ya kujumlisha, kile ambacho skrini hukipendelea. Nilipokiona 1024x768 katika orodha zote mbili, niliamuru: xrandr --output eDP-1 --mode 1024x768. Lamu ikarejea ukutani. Ukali wa picha ulipungua kidogo, lakini hapana aliyekosa kwao.

Basi, msomaji, aamuruye bila kuuliza humdai mtumishi asichokuwa nacho. Aulizaye kwanza hukijua kilichopo, na mara nyingi kilichopo hutosha.