Sinia Moja la Futari

Mwaka 2015 siasa ziliingia nyumbani kwetu Mikumi, wilayani Kilosa, zikakaa baina yangu na kaka yangu. Yeye alikuwa CCM tangu ujanani. Mimi nilimuunga mkono Joseph Haule, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa muziki kama Profesa Jay, mgombea ubunge wa CHADEMA. "Kura yako unaitupa kwa mwimbaji," kaka alinikejeli. Nikamjibu kwa neno ambalo mdogo hapaswi kumtamkia mkubwa wake.

Tarehe 25 Oktoba Haule alishinda. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, nikapita makusudi mbele ya nyumba ya kaka. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Siku tatu tulizoruhusiwa kususiana zikageuka miezi.

Ramadhani ilipoingia, mama akatuita kufuturu, kila mmoja asijue kuwa mwenzake ameitwa. Akatuwekea sinia moja. "Mbunge hukaa miaka mitano," alisema. "Nikifa, nani kati yenu atashuka kaburini kunipokea, na nani atamkabidhi mwili wangu?" Kaka akanisogezea tende. Nikamwomba radhi.

Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM, kwa Dennis Londo. Asubuhi ya matokeo niliwahi mlangoni kwa kaka, nikabisha hodi, nikampa mkono wa hongera. Nilijiandaa kwa kejeli nilizostahili. Akanimiminia kahawa, akaniuliza hali ya mama.